Unataka Kuanza Homoni Kama Mwanamke Transjenda? Cheki Haya Kwanza

Kwa dada wengi transjenda hapa Kenya, safari ya homoni haianzii hospitali. Inaanzia kwa simu, saa saba usiku, ukisoma venye wenzako wa majuu wamebadilika. Kesho yake unaingia kwa kemisti, si ya mtaa wenu, ya mtaa wa mbali penye hakuna anakujua. Unaitisha zile dawa za kupanga uzazi, unasema ni za mrembo wako. Mwenye duka hakuulizi kitu. Unatuma M-Pesa, unatoka. Imekuwa rahisi kuliko kununua kuku.

Huo urahisi ndio noma.

Homoni zenyewe si sumu, na hii makala haijakuja kukutisha wala kukuhukumu. Watu wamezitumia miaka mingi na madaktari wanajua vizuri zinafanya nini. Tena ugonjwa mwingi ulio nao, au ulio kwa familia yenu, hautakufungia mlango. Presha, sukari, virusi, pumu, stress, vyote hivyo mara nyingi hubadilisha tu unapewa dawa gani, kwa njia gani na kiasi gani. Shida inaingia pale umemeza kitu ambacho si chenye ulidhani, au dakta anakutibu bila kujua nini iko kwa mwili wako.

Kwenye shelfu ya kemisti kuna nini

Tuanze na P2, juu kuna wasee wanaiamini sana. P2 ina levonogestreli peke yake. Hiyo si estrojeni. Ni projestini, ya familia moja kikemikali na testosteroni, na kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke kwa ovari. Wewe huna ovari. Meza pakiti kumi, matiti hayataota. Utapata kichefuchefu na mfuko uliotoboka. Depo nayo, ile sindano ya miezi mitatu, pia ni projestini. Inaweza kushusha testosteroni, ni kweli, lakini estrojeni hamna ndani, na mwili ukikaa muda mrefu bila homoni ya kutosha ya upande wowote, mifupa inaanza kudhoofika.

Vidonge vya kila siku, aina ya Femiplan na Microgynon, ndivyo hudanganya watu zaidi, kwa sababu hivi kweli vina estrojeni. Maneno iko kwa aina ya hiyo estrojeni. Inaitwa ethinilestradioli, na ilitengenezwa maabara makusudi ili ini lisiivunje haraka. Inakaa, inalisukuma ini, na ini likisukumwa hivyo linatoa protini nyingi za kugandisha damu. Kwa dozi ndogo ya kupanga uzazi, wanawake wengi huitumia bila stress. Lakini mwenye anatafuta hipsi na matiti hamezi kimoja. Anameza viwili, vitatu, vinne kwa siku, ndiyo mambo yaende mbio.

Hizi si story za jaba. Kuna kliniki ya chuo kikuu kule Amsterdam, Uholanzi, imehudumia watu transjenda kwa miongo mingi. Mwaka wa 1997 madaktari wake walichapisha hesabu ya wanawake transjenda 816 waliokuwa kwa homoni. Damu kuganda kwa mishipa iliwapata mara 20 kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wengine wa umri wao, na dawa ya kawaida siku hizo ilikuwa hiyo hiyo ethinilestradioli. Wale wa zaidi ya miaka 40 walipoanza kupewa estradioli ya kubandika kwa ngozi, kesi zikapungua. Leo miongozo mikubwa ya dunia, ule wa Endocrine Society wa 2017 na ule wa WPATH wa 2022, yote haitaki ethinilestradioli kwa kazi hii.

Chenye hutumika ni estradioli, ile ile ambayo ovari hutoa. Inakuja kwa vidonge, sindano, jeli au plasta ya kubandika. Mara nyingi inapewa pamoja na dawa ya kuzuia testosteroni. Na kabla uniambie kuhusu Diane-35 juu ina kizuizi ndani, ni kweli iko nayo, siproteroni miligramu 2. Lakini mwenzake ndani ya hicho kidonge ni ethinilestradioli, kwa hivyo tumerudi pale pale.

Siproteroni yenyewe pia ina maneno yake. Vidonge vya Androcur vingi ni vya miligramu 50, na kuna watu humeza kizima kila siku wakidhani ndiyo dozi. Mwaka wa 2020 shirika la dawa la Ulaya lilibana matumizi yake baada ya kuonekana kwamba dozi kubwa kwa muda mrefu huongeza uvimbe kwa utando wa ubongo, unaitwa meninjioma. Ni uvimbe usiotokea sana, lakini unahusiana na dozi. Siku hizi madaktari wanaoitumia hukaa chini kabisa, karibu miligramu 10 kwa siku. Inaweza pia kuumiza ini, kwa hivyo mtu mwenye hepatitisi B au wa keg kila wikendi aseme mapema.

Mguu mmoja ukivimba

Damu kuganda ndiyo kitu cha kwanza dakta yeyote makini atakuuliza. Atataka kujua kama wewe, mathe, buda au ndugu yako amewahi kupata. Kwa Kiswahili cha nyumbani mara nyingi haiitwi hivyo. Inaitwa "alivimba mguu akalazwa" au "alianguka tu akakata pumzi". Hizo story za familia uliza kabla uende, hata kama ni kwa shosho kupitia binamu. Ukiwa na historia hiyo, si lazima uambiwe hapana. Mara nyingi utaambiwa plasta badala ya kidonge, kwa sababu estradioli ya ngozini haipiti kwa ini kwanza, na hatari yake inaonekana kuwa ndogo zaidi. Mwenye sikoseli pia aseme, juu damu yake tayari ina tabia ya kuganda. Mwenye kipandauso kinachokuja na taa taa machoni au ganzi upande mmoja aseme pia, hiyo inahusiana na kiharusi.

Fegi ndiyo hii sasa. Kati ya vitu vyote vyenye uko na uwezo navyo, hakuna kingine kitapunguza hatari yako kama kuacha sigara. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017 lakini sote tunajua penye inapatikana, na nikotini ni nikotini. Mguka na miraa zinapandisha presha na mapigo ya moyo. Ukienda kupimwa presha na shavu limejaa, namba utakazopata hazitakuwa zako.

Halafu jua dalili. Mguu mmoja, si yote miwili, ukivimba, ukiuma kwa ndama na kuwa moto. Pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu. Uso kulegea upande mmoja au maneno kukataa kutoka. Hapo hakuna kungoja kesho, ni hospitali upande wa dharura sai sai. Na ukifika, sema hivi: "Natumia estrojeni." Hii sentensi ni ngumu, najua. Lakini fikiria nesi wa zamu anaona kwa fomu kijana wa kiume wa miaka 24, mguu umevimba. Atadhani umeumia kwa boli. Atakupa diclo uende nyumbani. Maneno mawili ndiyo yanafanya akutume upigwe picha ya mishipa.

Potasiamu, figo na choo

Kizuizi cha testosteroni chenye hutumika sana ni spironolaktoni, wengine wanaijua kama Aldactone. Asili yake ni dawa ya presha na moyo. Inakufanya ukojoe chumvi na maji lakini inashikilia potasiamu isitoke. Kwa mtu mwenye figo fiti hiyo haina noma kubwa. Kwa mwenye figo zimechoka, potasiamu inapanda kimya kimya, na ikipanda sana moyo unapoteza mdundo. Mara nyingi huskii chochote kabla. Ndiyo maana kipimo cha damu cha figo, kile kwa fomu ya maabara wanaandika UEC, hakirukwi. Kinapimwa kabla ya kuanza na tena wiki au miezi michache baadaye.

Usiogope githeri na ndizi. Chakula cha kawaida hakitakuangusha kama figo zako ziko sawa. Angalia dawa. Losartani na enalaprili za presha zinapandisha potasiamu. Septrin pia inapandisha, na kuna watu wengi wenye virusi wamepewa Septrin ya kila siku bila kuwaza inaweza kugongana na kitu. Brufen na diclo, zenye tunakula kama peremende kila mgongo ukiuma, zinabana figo. Hakuna mtu hapa anasema huwezi kutumia spironolaktoni ukiwa na moja ya hizi. Lakini dakta asipojua unazo, hatapima inavyofaa.

Na kuna kitu vitabu havisemi sana. Hii dawa inakukojoza. Sasa wewe uko tao, choo cha wanawake unaogopa utaitiwa askari, choo cha wanaume unaogopa zaidi. Suluhisho la wengi ni kutokunywa maji kutoka asubuhi hadi warudi keja. Ukiunganisha hiyo na dawa inayotoa maji na jua la Januari, presha inashuka, unaona nyota ukisimama, na figo zinaumia. Kama haya ndiyo maisha yako, mwambie dakta hivyo hivyo. Anaweza kubadilisha saa za kumeza au achague kizuizi kingine. Hicho ni kigezo cha matibabu kama vingine.

Ukiwa kwa ARV, PrEP au dawa za TB

Hapa kuna watu wameacha ARV ili homoni zifanye kazi vizuri. Manze, usifanye hivyo. Kile kidonge kimoja cha TLD chenye wengi hutumia Kenya siku hizi kina dolutegraviri, na hiyo haigombani na estradioli. Ya zamani, efavirenzi, ilikuwa inapunguza estradioli kwa damu. Kama bado uko kwayo, sema, mambo yanaweza kupangwa.

PrEP pia haiui homoni. Ila kuna moja ya kushika. WHO inaruhusu wanaume wengine kumeza PrEP wakati wa tukio tu, yaani kabla na baada ya kulala na mtu. Mwongozo wake wa 2022 unasema mtu aliye kwa estrojeni asitumie njia hiyo. Wewe umeze kila siku.

Dawa ya TB inayoitwa rifampisini ndiyo inaiua estradioli kabisa, inafanya ini liivunje mbio. Ukiwa kwa matibabu ya TB pengine utaambiwa umalize miezi yako kwanza, au dozi irekebishwe kwa vipimo. Dawa kadhaa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini hufanya vile vile. Na lamotrijini inageuza mchezo: hapo estrojeni ndiyo inashusha dawa ya kifafa, na degedege zinaweza kurudi. Kwa hivyo beba pakiti zote, hata zile za miti shamba.

Swali la watoto

Hili watu hulipita haraka kwa sababu siku hiyo unataka tu kuanza. Estrojeni na vizuizi hupunguza mbegu, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba ukiacha baadaye zitarudi. Kama kuna hata sauti ndogo ndani yako inasema siku moja ungependa mtoto wa damu yako, mbegu zinahifadhiwa kabla ya kidonge cha kwanza. Kliniki za kusaidia uzazi Nairobi zinajua kazi hiyo. Si bei rahisi, na kuna ada ya kuhifadhi kila mwaka, kwa hivyo uliza jumla yote. Wengi hawana hizo doo. Basi angalau ufanye uamuzi ukijua, si miaka saba baadaye mathe akianza maneno ya wajukuu.

Upande wa pili: kupungua si kuisha. Kuna watu wamempa mtu mimba wakiwa kwa homoni. Kondomu bado ina kazi.

Kuingia kwa dakta

Mwenye unatafuta ni daktari wa homoni, yule yule anayetibu kisukari na rovu. Hawako wengi na wengi wako miji mikubwa. Madaktari wengine wa kawaida na wa uzazi pia hufanya hii kazi. Piga simu kabla uende, uliza wazi kama anahudumia wanawake transjenda. Ni afadhali ukataliwe kwa simu kuliko umelipa konsultesheni na umekaa kwa foleni masaa matatu. Vituo vya DICE, penye wengi walikuwa wanapata PrEP na ushauri bila maswali, vingine vilifungwa Marekani iliposimamisha ufadhili Januari 2025, kwa hivyo usiamini list ya zamani. Uliza wasichana walioenda juzi.

Mapokezi ndipo wengi hugeuka kurudi. ID ina jina la zamani, na litaitwa kwa sauti mbele ya watu arobaini. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu iliamuru KNEC imbadilishie Audrey Mbugua jina kwa cheti chake cha KCSE, lakini kubadilisha karatasi bado ni safari ndefu. Kwa sasa omba mapema uitwe kwa jina la ukoo au namba. Wengi hukubali ukiomba kwa upole. Ukiwa ndani, Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari zako ni siri. Dakta hawezi kumpigia babako simu ati kumjulisha. Ukiwa na miaka 18, idhini ni yako.

Utaulizwa kuhusu akili pia. Usilichukulie kama mtego. Shirika la Afya Duniani liliondoa utransjenda kwa orodha ya magonjwa ya akili kwenye ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Kuwa na mawazo mazito au kumeza dawa za mfadhaiko hakukukatalii homoni. Dakta mwingine atataka barua ya mshauri, mwingine ataridhika ukielewa unachoingia. Chenye kinaumiza ni kuficha ukisema uko sawa kumbe usiku haulali.

Vipimo vya kuanzia havitishi: presha, uzito, figo na potasiamu, ini, sukari, mafuta ya damu, testosteroni na estradioli, virusi na hepatitisi B. Omba nakala uende nayo nyumbani. Jambo moja la kuchekesha kuhusu fomu za maabara: viwango vya kawaida hupangwa kwa M au F. Baada ya miezi kadhaa damu yako itashuka kidogo ikae pale ya wanawake hukaa, na kama fomu ina M itawekwa alama kwamba una upungufu. Si lazima ukimbilie vidonge vya kuongeza damu. Muulize aliyekuandikia homoni.

Atakwambia pia cha kutarajia. Ngozi kulainika na matiti kuanza huja kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na yanaendelea kukua miaka miwili, mitatu. Kumeza mara mbili hakuyaharakishi. Sauti haibadiliki kabisa, na ndevu zikishaota haziendi na kidonge. Hizo zina njia zake. Tezi dume inabaki, kwa hivyo uzeeni bado itapimwa, na matiti nayo yataingia kwa hesabu ya kupimwa saratani.

Na kama umeshaanza mwenyewe, pengine mwaka sasa, na unasoma hii ukiwa umekunja uso? Usitupe kila kitu leo kwa hofu, isipokuwa una dalili zile za mguu na kifua, hapo ni hospitali kwanza. Andika kwa karatasi umekuwa ukimeza nini, ngapi kwa siku, tangu lini. Beba hizo pakiti, hata zilizoisha, hata ile ya mtu wa Telegram isiyo na jina. Sigara uzime njiani. Mwambie dakta dozi yenyewe, usipunguze ndiyo uonekane mtulivu. Kipimo kitaonyesha tu. Mara nyingi atakachofanya ni kukuhamisha kwa estradioli, apime figo, na akupe tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Hiyo tarehe iweke kwa simu kabla utoke kwa geti.